Programu ya Windows ya kuendeshea duka, ndani ya Linux: jinsi ya kuiendesha kwa Wine

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Laptopu nyingi zilizokuwa zikiitumia haziruhusiwi kuingia Windows 11 kwa njia rasmi, ama kwa sababu hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama), ama kwa sababu prosesa yake ya Intel ni ya kabla ya kizazi cha 8. Mashine zenyewe bado nzima. Ukizitia SSD na Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, zinakwenda vizuri kuliko zilivyonunuliwa.

Kinachowarudisha watu nyuma mara nyingi ni programu moja tu: ile ya stoo na mauzo, aliyoiandika fundi fulani kwa lugha ya Visual Basic 6 (VB6) miaka mingi iliyopita, yenye data yote ya duka ndani ya faili la .mdb, yaani hifadhidata ya Access. Aliyeiandika hapatikani tena kwa simu. Toleo la Linux halipo wala halitakuja. Mwongozo huu ni wa programu ya aina hiyo. Ukiweza kuifufua hiyo, nyingine nyingi zitakuwa nyepesi.

Chombo tutakachotumia ni Wine. Ilianzishwa mwaka 1993 na Bob Amstadt, na tangu 1994 inaongozwa na Alexandre Julliard, toleo 1.0 lilitoka Juni 2008, baada ya miaka 15 ya kazi. Wine haitengenezi kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako. Programu ya Windows inapoomba kitu kwa Windows, mathalani "fungua faili hili" au "chora dirisha hapa", Wine hulipokea ombi hilo na kulitekeleza kwa njia ya Linux. Kwa hiyo haikudai leseni ya Windows, na kwenye mashine yenye RAM ya GB 4 hutaona uzito wowote wa maana. Ubaya wake unatoka hapohapo: ombi ambalo Wine hailijui vizuri, programu itakwama nalo.

Kabla ya kufuta Windows

Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa hiyo usikimbilie. Ukiwa bado kwenye Windows ya zamani, kusanya vitu hivi kwenye flashi:

Kwanza, kisakinishi cha programu, kile setup.exe au faili la .msi, pamoja na namba ya leseni kama ipo. Kama kisakinishi kimepotea, nakili folda nzima ya programu kutoka C:\Program Files (x86). Programu za VB6 mara nyingi hukubali kuhamishwa hivyo.

Pili, data. Funga programu, kisha nakili kila faili la .mdb. Usilinakili programu ikiwa wazi. Ukiona kando yake kuna faili la .ldb, kuna mtu bado ameifungua.

Tatu, faili za .ocx. Hizi ni vipande vinavyochora majedwali na kalenda ndani ya programu. Kwenye Windows ya biti 64 zinakaa C:\Windows\SysWOW64. Majina ya kutafuta ni MSCOMCTL.OCX, COMDLG32.OCX, MSFLXGRD.OCX na jamaa zake.

Nne, mipangilio. Programu nyingi za VB6 huweka jina la duka, njia ya kwenda kwenye data na hata leseni ndani ya rejista ya Windows, yaani ghala lake la mipangilio. Fungua regedit, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\VB and VBA Program Settings, bofya kulia kwenye jina la programu, chagua Export, hifadhi kwa jina stoo.reg. Usipofanya hivi, programu inaweza kufunguka kwenye Linux ikadai usajili upya, na wa kumwomba namba hayupo.

Tano, andika kwenye karatasi tarehe inavyoonekana kwenye programu: ni 03/04 kwa maana ya tarehe 3 Aprili, au 4 Machi? Sababu utaiona mbele.

Ukiweza, itoe kabisa hiyo diski ya zamani, weka SSD mpya, na ile ya zamani ifungie kabatini mpaka mwezi upite.

Jiulize kama unaihitaji kweli

Si kila kitu kinahitaji Wine. Firefox, VLC, GIMP, Telegram na Zoom zina matoleo ya Linux. Nyaraka za kawaida za Word na Excel zinafunguka kwenye LibreOffice. Kwa walioko Kenya, fomu za ritani za iTax za KRA zimekuwa zikitolewa kwa Excel na kwa ODS pia. Chukua ile ya ODS, ujaze ndani ya LibreOffice, usihangaike kutafuta Excel. Wine iachie programu isiyo na mbadala.

Kama programu yako inajulikana duniani, itafute kwenye AppDB ya WineHQ, orodha ambamo watumiaji huandika walivyofanikiwa. Alama zake zinaanzia Platinum kwa inayofanya kazi bila kuguswa, hadi Garbage kwa isiyofaa kabisa. Angalia tarehe ya jaribio. Ripoti ya Wine ya zamani haina uzito. Programu ya fundi wa mtaani hutaikuta humo, wala usitegemee.

Hatua ya 1: sakinisha Wine

Maelezo haya ni ya Linux Mint 22 na Ubuntu 24.04. Fungua dirisha la amri (Terminal) uandike, mstari mmoja baada ya mwingine:

    sudo dpkg --add-architecture i386
    sudo apt update
    sudo apt install wine wine32:i386 winetricks

Mstari wa kwanza unaruhusu vifurushi vya biti 32. Usiuruke: VB6 ilitoa programu za biti 32 peke yake, na ukikosa wine32 utaona ujumbe wa makosa kabla hata ya kuanza. Upakuaji ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo subiri bando la usiku au nenda penye Wi-Fi. Ukimaliza, `wine --version` itakuambia toleo.

Huna hakika programu yako ni ya biti ngapi? Amri `file setup.exe` itajibu: PE32 ni 32, PE32+ ni 64. Jibu hili ni la faili ulilolipima tu. Kisakinishi cha biti 32 kinaweza kubeba programu ya biti 64, basi pima na ile .exe yenyewe ukishaisakinisha.

Hatua ya 2: ipe programu prifiksi yake

Kama kuna jambo moja la kushika katika mwongozo huu, ni hili. Prifiksi ni folda yenye diski C yake, rejista yake na DLL zake (mafaili ya msaada ambayo programu huyategemea), yaani Windows ndogo iliyojitegemea. Usipoitaja, Wine hutumia ~/.wine kwa kila kitu. Watu wengi huishia hapo: wanaweka programu ya stoo, kesho mchezo, keshokutwa kitu cha kuchapa kadi za harusi, kila kimoja kinaleta DLL zake, na siku moja programu ya stoo haifunguki na hakuna anayejua kilichoiharibu. Programu moja, prifiksi moja. Diski haitajaa kwa hilo.

    mkdir -p ~/wine
    export WINEPREFIX=~/wine/stoo
    export WINEARCH=win32
    winecfg

Wine itajenga folda hiyo. Ikiuliza kusakinisha Mono, kipande cha kuendeshea programu za .NET, kubali. Dirisha la winecfg litafunguka. Chini kabisa ya kichupo cha kwanza, badilisha toleo la Windows liwe Windows XP kama programu ni ya enzi hizo, au liache Windows 10 kama ni ya karibuni. Ukiona maandishi ni madogo mno, kwenye kichupo cha Graphics kuna kitelezi cha DPI.

Matoleo mapya ya Wine yaliyojengwa kwa mtindo wa WoW64 (biti 32 ndani ya biti 64) hayakubali WINEARCH=win32. Ukikataliwa, funga dirisha la amri, fungua jipya, rudia bila mstari huo. Programu ya biti 32 itaendelea kufunguka, ila vipande vya data nitakavyovitaja katika hatua ya 4 vinaweza kukataa. Ndiyo maana kwa kazi hii napendelea Wine inayokuja na Mint au Ubuntu kuliko ya kukimbilia toleo la jana.

Kumbuka pia kuwa mistari ya export inadumu ndani ya dirisha lile tu. Ukilifunga na kufungua jingine bila kuirudia, utajikuta unasakinisha vitu ndani ya ~/.wine huku unashangaa vinapotelea wapi.

Na usiandike kamwe `sudo wine`. Hakuna tatizo ambalo amri hiyo inalitatua, na itaacha mafaili yasiyo yako ndani ya prifiksi yako.

Hatua ya 3: sakinisha programu

    cd ~/Downloads
    wine setup.exe

Kama ni faili la .msi, andika `wine msiexec /i stoo.msi`. Hapa kisakinishi na stoo.reg umeshavinakili kutoka kwenye flashi kwenda Downloads. Bofya Next kama ulivyozoea. Kama huna kisakinishi, nakili ile folda uliyoitoa Windows uiweke ndani ya `~/wine/stoo/drive_c/Program Files/`. Kisha weka mafaili ya .mdb mahali programu inapoyatafuta, na urudishe mipangilio kwa `wine regedit stoo.reg`.

Sasa ifungue kutoka dirisha la amri, si kwa kubofya picha:

    wine 'C:\Program Files\Stoo\stoo.exe'

Alama hizo za nukuu moja ziweke, la sivyo zile alama za mkwaju wa kinyume (\) zitaliwa njiani. Sababu ya kutumia dirisha la amri ni kwamba programu ikikataa, humo ndimo itakapoeleza.

Hatua ya 4: soma makosa, ongeza kinachokosekana

Mistari itamwagika. Inayoanza na `fixme:` iache. Ni kumbukumbu za watengenezaji wa Wine kuhusu kazi ambayo haijakamilika, na hata programu inayokwenda vizuri huitoa kwa wingi. Tafuta `err:`. Ukiona mstari unaotaja import_dll na jina kama MSVBVM60.DLL, likifuatiwa na not found, umepata mgonjwa wako: huo ni moyo wa VB6 na haumo. Winetricks, chombo tulichosakinisha pamoja na Wine, kitauleta:

    winetricks vb6run

Fungua tena programu. Ikifika hatua ya kusoma data na kulalamika kuhusu provider, ADO au DAO, inakosa vipande vya kuongea na .mdb:

    winetricks mdac28 jet40

Hivi viwili ndivyo vinavyodai prifiksi ya win32. Malalamiko kuhusu MSCOMCTL.OCX yanaponyeshwa na `winetricks comctl32ocx`. Kwa OCX nyingine, nakili ile uliyoitoa Windows uiweke kwenye drive_c/windows/system32 ya prifiksi, kisha uisajili:

    wine regsvr32 MSFLXGRD.OCX

Herufi zikionekana kama vijisanduku au mpangilio wa risiti ukipinda, `winetricks corefonts` huleta Arial, Times New Roman na wenzake. Programu za baadaye zilizoandikwa kwa C++ huomba vcrun, na zile za .NET ziache kwanza zijaribu Mono iliyokuja na Wine. Amri ya `winetricks dotnet48` ipo, lakini ni nzito, inachukua muda, na inaharibu prifiksi ikikatika katikati.

Ongeza kimoja, jaribu, kisha ongeza kingine. Anayerundika vipande kumi kwa mpigo akifanikiwa hajui kilichosaidia, na akishindwa hajui kilichoharibu.

Hatua ya 5: tarehe, kabla ya kuingiza mauzo hata moja

Programu inafunguka, data inaonekana, umefurahi. Subiri. Wine huchukua mpangilio wa tarehe kutoka kwenye lugha ya Linux. Kama uliposakinisha Linux ulichagua Kiingereza cha Marekani, programu sasa inaweza kuamini mwezi unatangulia. Manunuzi ya tarehe 3 Aprili yanaingia kama 4 Machi, na hakuna ujumbe wa makosa utakaotokea. Utakuja kugundua kwenye ripoti ya mwisho wa mwezi, au kwa mhasibu.

Chukua ile karatasi uliyoandika, ulinganishe. Kama imegeuka, anzisha programu hivi:

    LC_ALL=en_GB.UTF-8 wine 'C:\Program Files\Stoo\stoo.exe'

Andika `locale -a` kuhakikisha en_GB ipo kwenye mashine. Kama haipo, iongeze kwenye mipangilio ya lugha. Ingiza mauzo ya majaribio yenye tarehe 25, kisha mengine yenye tarehe 5, uangalie yanavyohifadhiwa. Tarehe 25 peke yake haikwambii kitu, kwa sababu hakuna mwezi wa 25 na programu itajisahihisha yenyewe kimyakimya.

Hatua ya 6: printa na vifaa

Wine hutumia printa za Linux. Isakinishe printa upande wa Linux kwanza, chapa ukurasa wa majaribio, kisha ndipo ufungue programu. Itaiona kwenye orodha.

Vifaa vya serial, kama mizani au printa ya risiti ya kizamani iliyochomekwa kwa waya wa USB, vinadai hatua mbili zaidi. Jiunge na kundi lenye ruhusa:

    sudo usermod -aG dialout $USER

Toka kwenye akaunti uingie upya. Kisha fungua `wine regedit`, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports (iunde kama haipo), ongeza String Value yenye jina COM1 na thamani /dev/ttyUSB0. Maliza na `wineserver -k` ili Wine ianze upya. Kisoma msimbopau cha kawaida cha USB hakihitaji lolote katika haya, kwa kuwa kompyuta hukiona kama kibodi.

Hatua ya 7: funga milango

Virusi vya Windows vinaweza kukimbia ndani ya Wine. Vikikimbia, vina ruhusa zilezile ulizonazo wewe, na Wine imeiweka diski nzima ya Linux kama Z:. Flashi inayotoka kuchapisha nyaraka kwenye stationari ya jirani usiifungue kwa kubofya kila .exe iliyomo. Kwenye winecfg, kichupo cha Drives, ondoa Z: kama programu haiihitaji. Kwenye kichupo cha Desktop Integration, kata kiungo cha Documents na folda nyingine zako. Hii inapunguza hatari. Haiigeuzi Wine kuwa ukuta.

Kila kitu kikikaa sawa, chukua nakala ya prifiksi nzima:

    tar czf ~/stoo-nakala.tar.gz -C ~/wine stoo

Raha ya prifiksi ndiyo hii. Kompyuta ikifa, kwenye mashine nyingine sakinisha Wine ya toleo hilohilo, fungua nakala, endelea na kazi. Ila data ya .mdb ichukulie nakala yake kila jioni, peke yake, nje ya kompyuta. Na kama dukani mlizoea mashine mbili kuandika kwenye .mdb moja kupitia mtandao, kwenye Wine msijaribu. Namna Wine, Samba (inayoshiriki faili kwenye mtandao) na Jet (injini ya .mdb) zinavyozuia wawili kuandika faili moja kwa pamoja ni mahali pa kupotezea data. Mashine moja iandike, basi.

Kwa asiyependa amri

Ipo programu ya Bottles, inayopatikana kwa Flatpak (njia ya kusakinisha programu kwenye Linux). Inafanya mambo haya kwa kubofya, na kila programu huiwekea prifiksi yake. Kwa programu za kawaida inatosha. Kwa VB6 na .mdb utaishia kwenye amri hata hivyo. Wenye michezo ya Steam wana Proton, ambayo Valve, wenye Steam, waliitoa Agosti 2018 kwa kuijenga juu ya Wine. Michezo ya mtandaoni yenye kizuia udanganyifu ndiyo inayogoma zaidi.

Wakati wa kuacha

Wine haisakinishi draiva za Windows. Programu inayotegemea kisoma alama za vidole chenye draiva yake, au dongle ya USB yenye leseni, usiipotezee wiki. Photoshop ya sasa na Microsoft 365 nazo ziweke kundi hilo.

Hapo tumia mashine pepe: Windows kamili ndani ya VirtualBox au virt-manager. Unahitaji RAM ya GB 8 ili upumue, VT-x au AMD-V (uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe) iwe imewashwa kwenye BIOS, na leseni halali ya Windows. Kifaa cha USB unakikabidhi moja kwa moja kwa ile Windows ya ndani, na draiva yake inaingia humo. Ikiwa ni Windows isiyopata masasisho tena, zima kadi ya mtandao ya mashine hiyo pepe kwenye mipangilio yake, na data ipitishe kwa folda ya pamoja. Programu ya stoo haikuwahi kuhitaji intaneti.